Gesi kisiwani Pate: king'ora kikilia saa nane za usiku, nani atakugongea mlango?

Dada uliyeuliza kutoka Faza, swali lako nimelisoma usiku, nikalala nalo, na alfajiri nikaona siwezi kupita kimya. Kwa wanaoingia sasa hivi nalifupisha. Dada anasema wameonekana wageni wakipima ardhi upande wa mashamba, na barazani kunavuma kwamba gesi itatafutwa tena kisiwani Pate. Nyumba yake na jabia la mtaa wao, yaani birika la kuvunia maji ya mvua, viko upande huohuo. Ana watoto wawili, mmoja ana pumu, na mumewe anataka wauze kiwanja wahamie Mokowe, bara, kabla bei haijaporomoka. Ameuliza neno moja tu: ni salama kuishi karibu na kisima cha gesi? Mmoja wenu amemjibu kwamba siku yoyote kitalipuka kama mtambo wa gesi wa Embakasi, Nairobi. Mwingine amemjibu kwamba mitambo ya siku hizi haivuji, na kwamba hofu hizi zinapandwa na watu wasioitakia Lamu kheri. Nawaheshimu nyote wawili, lakini mama mwenye mtoto wa pumu bado hajajibiwa.

Mimi ni wa Siyu, kisiwani hukohuko Pate. Mwaka 2006 nilikwenda Ghuba kuendesha lori la maji kwenye machimbo ya gesi, na baada ya miaka miwili nikahamishiwa kitengo cha usalama. Nimekaa huko miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kutembea na kipima gesi kiunoni, kukagua barakoa na mitungi ya hewa, na kila saa kuandika daftarini upepo unatoka wapi. Kampuni siitaji wala nchi siitaji. Ninachotaka kueleza nimekiona kwa macho yangu, na kwa ninavyojua kingeweza kutokea kwa kampuni yoyote.

Usiku mmoja wa Februari, saa nane na kitu, king'ora kikalia. Tulizoea cha majaribio, kinalia kidogo kisha kinanyamaza. Hiki hakikunyamaza. Tukafanya tulivyofundishwa: unavaa barakoa, unatazama mfuko wa upepo juu ya mlingoti, unakimbia kwa kuukata upepo, usishuke bondeni, panda juu. Dakika sita tukawa kilimani pa kukusanyikia. Msimamizi akaita majina, watu themanini na mmoja, wote wakaitika, akaandika kwamba tumetimia. Nimesimama pale, jasho linanitiririka ndani ya barakoa, nikageuza uso. Chini kule, mita mia saba hivi kutoka kisimani, kulikuwa na makazi: wafugaji wa mbuzi, na mabanda ya vibarua kutoka Pakistan na Bangladesh. Giza tupu, ila taa moja. Taa ile niliijua. Ilikuwa ya mzee mmoja mwoka mikate, ambaye kila siku huamka saa hizo kukanda unga.

Nikamwuliza msimamizi, na wale? Akafungua mpango wa dharura, kitabu kinene chenye jalada la plastiki, akakipekua kwa mwanga wa tochi. Mlikuwa na namba ya zimamoto, ya hospitali, ya makao makuu, hata ya helikopta. Ya watu wa bondeni haikuwemo, wala jina la mtu ambaye ni wajibu wake kwenda kuwaamsha. Alikifunga kitabu akanitazama, na hakuwa na la kusema.

Usiku ule Mungu alisitiri. Ilikuwa valvu moja kwenye mtambo wa kutenganisha gesi na tope la kuchimbia, ikafungwa, na baada ya dakika arobaini tukateremka. Asubuhi yule mzee akaja getini na kapu lake kama kawaida, mikate bado ya moto, imefunikwa kitambaa cheupe. Hakujua lolote. Nilinunua mikate kumi na sikuweza kula hata mmoja.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kuhusu usalama wa kisima, mimi namwuliza: king'ora kikilia saa nane za usiku, nani atakugongea mlango? Akinionyesha jina la mtu, njia atakayopita na mahali pa kukimbilia, tunaweza kuendelea na mazungumzo. Asiponionyesha, hata mitambo ingekuwa ya dhahabu, mimi sikubali.

Na yaliyotuepuka sisi yaliwafika wengine. Tarehe 23 Desemba 2003, wilaya ya Kaixian huko Chongqing, Uchina, kisima cha gesi kilifumuka saa nne usiku wakati mabomba ya kuchimbia yanavutwa juu. Gesi iliyotoka ilikuwa na haidrojeni salfaidi nyingi, nayo ni gesi ya sumu. Walikufa watu 243, wengi wao wanakijiji wa jirani waliokuwa majumbani mwao, na makumi ya maelfu wakahamishwa. Kisima kilikuja kuwashwa moto siku ya pili ili ile sumu iungue. Hebu fikiria zile saa za katikati, gesi inamwagika bondeni na watu wamelala.

Sasa nieleze kuhusu gesi yenyewe, maana hapa ndipo wengi mnapochanganya mambo. Kilicholipuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024 ni gesi ya mitungi, ile ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini kama maji, ikakutana na cheche mbali na ilipotoka. Iliua watu, ikajeruhi mamia, na fundisho lake kubwa ni kwamba mtambo ule ulikuwa umewekwa katikati ya makazi ya watu. Gesi asilia ni kitu kingine. Sehemu kubwa yake ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja uwanjani hupanda juu ikapotea. Hatari yake inakuja ikinaswa mahali palipofungwa: chumbani, shimoni, chini ya sakafu. Hapo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kiberiti kimoja kinatosha.

Na methani haina harufu. Ile harufu mnayoijua ya mtungi huongezwa kiwandani makusudi ili mtu ashtuke. Inayotoka kisimani haijaongezwa chochote. Mwezi Aprili 2017, mji wa Firestone, jimbo la Colorado, Marekani, nyumba ililipuka ikaua wanaume wawili waliokuwa wakibadilisha mtambo wa kupashia maji moto kwenye chumba cha chini. Ilikuja kubainika kwamba kijibomba chembamba cha kisima cha jirani, kilichodhaniwa hakitumiki tena, kilikuwa kimekatwa na kuachwa wazi ardhini huku bado kimeungwa kwenye kisima. Nyumba ilijengwa baadaye, kisima kilitangulia. Gesi ikapenya udongoni hadi ndani, na hakuna pua iliyoisikia.

Haidrojeni salfaidi nayo ni kinyume chake. Ni nzito, hushuka mabondeni, na mwanzoni inanuka kama yai viza. Kipima changu kilikuwa kinalia ikifika sehemu 10 kwa milioni ya hewa. Ikikaribia 100 pua inakufa ganzi, husikii tena harufu, unadhani imepita kumbe imezidi. Ikipanda hadi mia kadhaa, mtu anaanguka kabla hajaelewa. Ndiyo maana tulifundishwa kupanda juu na kutoukimbilia mwinuko ambao upepo unauelekea.

Lakini si kila gesi ina sumu hiyo. Songosongo, kule Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ni kisiwa cha wavuvi Waswahili kama sisi, na gesi yake karibu yote ni methani. Nawatajia hilo kwa haki, mtu asije akasema nawatisha watu. Kwa hiyo swali la pili la kuuliza kikaoni, na msikubali lizungushwe, ni hili: gesi mnayoitafuta mnatarajia ina haidrojeni salfaidi kiasi gani, na mnajuaje? Kisiwani kwetu si kwamba wanaanza na giza. Kisima cha kwanza cha Pate kilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikakutana na gesi huko chini, na kingine kikachimbwa kati ya 2018 na 2019. Kumbukumbu za visima hivyo zipo. Waje nazo.

Sasa upepo. Wageni wakija na ramani zao, huwa wamechora duara kuzunguka kisima wakasema hapa ni salama na hapa si salama. Duara ni la mtu asiyejua kaskazi na kusi. Sisi tunajua kwamba miezi ya kaskazi kila kinachotoka kisimani kitaelekea kusini-magharibi, na kusi likiingia kitageuka. Kwa hiyo, dada, simama kwenye paa lako ujiulize: kisima kikiwa pale mashambani, nyumba yangu iko chini ya upepo miezi gani? Ukishajua, ukaombe wapange kazi zenye hatari zaidi, kama kufungua kisima kukipima na kuchoma gesi, iwe ni msimu ambao upepo unaipeleka baharini. Hilo linawezekana kabisa na haliwagharimu sana. Na msisahau usiku wa shwari, hasa nyakati za malelezi wakati upepo wa kwanza umekufa na wa pili haujashika. Kazini kwetu usiku wa namna hiyo ndio tuliouogopa kuliko yote, maana gesi ikitoka haiendi popote, inakaa palepale na watu.

Na bahari. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sijapata kuona mpango wa dharura uliowahi kulifikiria. Mwandishi wa mpango huketi ofisini akaandika kwamba wakazi wataondolewa kwa boti. Mimi nimezaliwa Siyu. Mkono wa bahari unaoingia Siyu, maji yakiwa yamekupwa, ni matope na mizizi ya mikoko. Mashua inasubiri maji yajae, na nahodha hata umlipe nini hawezi kuyaita maji. Sehemu nyingi za kisiwa ni hivyohivyo. Mtangawanda kuna gati, ndiyo, lakini mtu wa Faza mwenye mama mzee na mtoto wa pumu atafikaje Mtangawanda saa nane za usiku, pikipiki zenyewe ni chache? Kwa hiyo mpango wowote wa kuwahamisha watu wa Pate lazima uwe na jedwali la kupwa na kujaa ndani yake, useme maji yakiwa yamekupwa mtakwenda wapi kwa miguu, kijito gani hakivukiki, na ni jengo gani la juu, upande gani wa kisiwa, litakalokuwa limefunguliwa. Mpango usiotaja maji umeandikiwa watu wengine.

Na ufanyiwe majaribio. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunafanya zoezi kila wiki. Wanakijiji wafanyiwe angalau mara moja kabla mtambo haujaanza kuchimba, na mara moja iwe usiku, na wahusishwe walimu wa madrasa, maimamu wenye vipaza sauti vya msikitini, na mabaharia. Kipaza sauti cha msikiti kinafika mbali, na mtu akisikia sauti ya mwadhini saa isiyo ya sala ataamka.

Nije kwenye maji ya kunywa. Wenzetu wa bara hawajui jabia ni nini, nawaeleza kwa maneno machache: ni uwanja mpana uliosakafiwa, umeinama kidogo, mvua ikinyesha maji yanateremka hadi kwenye birika lililofunikwa, na mtaa mzima unachota humo. Sasa fikiria mtambo wa kuchimba kisima. Unakwenda usiku na mchana kwa injini kubwa za dizeli. Malori yanatifua vumbi. Na kisima kikipatikana na gesi, hufunguliwa kupimwa, gesi ikachomwa juu ya mlingoti kwa siku kadhaa, moto unaunguruma mpaka dirisha linatetemeka. Masizi na vumbi hilo linatua wapi? Linatua kwenye uwanja wa jabia, na mvua ya kwanza inalisomba hadi birikani. Kwa hiyo jambo la kudai, na si la gharama kubwa: majabia yaliyo chini ya upepo yazibwe mlango wakati wa kuchoma gesi, uwanja uoshwe kabla ya kufunguliwa, maji ya mvua ya mwanzo yamwagwe nje, na kampuni ilete maji safi kwa muda wote huo.

Mtoto wa pumu nae namzungumzia hapahapa. Moshi wa dizeli na vumbi ndivyo vitakavyomkuta kila siku, hata kama hakuna ajali yoyote. Pamoja na methani huwa kuna mvuke wa vitu vingine, benzini ikiwemo, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Daktari wake aelezwe mapema, dawa ya kuvuta iwe nyumbani ya kutosha, na siku za kuchoma gesi mtoto alale kwa jamaa upande mwingine. Kampuni itoe ratiba ya siku hizo wiki mbili kabla, ibandikwe kwa Kiswahili.

Visima vyetu vya kamba navyo ni suala zito. Maji matamu ya visiwa hivi yanaelea juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba tu lililotokana na mvua. Ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela vinalindwa. Mji wa Amu, yaani mji wa Lamu, unakunywa kutoka humo. Kuchimba kisima cha gesi kunahitaji maji mengi, ya kuchanganyia tope na saruji. Ukiyavuta kwenye tabaka lile, chumvi inapanda, na haishuki upesi. Daini iandikwe kwamba maji ya kuchimbia hayatatoka kisiwani.

Kisha kuna lile lililo chini kabisa, ambalo halionekani na ndilo hasa linaloamua kama kisima ni jirani mwema. Kisima cha gesi ni mabomba ndani ya mabomba, na kati ya bomba na mwamba humiminwa saruji. Saruji hiyo ndiyo inayozuia gesi isipande kwa nje ya bomba hadi kwenye maji yenu. Ikiwa imepasuka au haikujaa vizuri, juu kila kitu kitaonekana kizuri, valvu zinang'aa, wageni wanapiga picha, na chini gesi inapanda polepole. Mafundi wana njia ya kujua. Huteremsha chombo ndani ya bomba kinachotoa mlio na kusikiliza. Penye saruji iliyoshika, mlio unakufa. Penye uwazi, bomba linalia kama sufuria tupu. Nimewahi kukaa na fundi akanisikilizisha tofauti hiyo, na nilishangaa jinsi ilivyo wazi. Matokeo yake huchorwa kwenye karatasi ndefu. Iombeni karatasi hiyo. Mtaambiwa ni ya kitaalamu hamtaielewa. Ombeni tu, muipeleke kwa mhandisi mwingine aisome.

Lakini kabla ya yote hayo, na hili ni la kufanya mwezi huu, dada, usisubiri mtu: pimeni maji yenu sasa. Mwaka 2009, siku ya kwanza ya Januari, kisima cha maji cha mama mmoja kijiji cha Dimock, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kililipuka uani kwake. Mabishano yaliyofuata yalichukua miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa hii: methani ilikuwemo majini tangu zamani, au imeletwa na uchimbaji? Mwenye vipimo vya kabla angeumaliza ubishi kwa siku moja. Chukueni chupa safi, mchote kwenye kila kisima na kila jabia, muandike tarehe na saa na hali ya maji ya bahari siku hiyo, mpeleke maabara inayotambulika, na nakala mzihifadhi kwa watu watatu tofauti. Kiasi cha chumvi mnaweza kukipima wenyewe kwa kifaa kidogo cha mkononi, kila mwezi.

Kuhusu umbali, kwa kuwa kuna mwenzetu ameuliza mita ngapi zinatosha. Colorado, baada ya miaka ya mabishano, mwaka 2020 ilipitisha kanuni ya futi 2,000 kati ya visima vipya na nyumba, kama mita 610, ingawa ina mianya yake. California mwaka 2022 ikapitisha futi 3,200, kama mita 975. Hayo ni majimbo yenye barabara za lami na magari ya zimamoto. Mimi nilijaribu kutembea mita 975 kutoka mlango wa Ngome ya Siyu, nikakuta nimeshaupita mji nipo mashambani. Mtu akija na pendekezo la mita 200 kwenye kisiwa kisicho na zimamoto, mwulizeni kwa nini mtoto wa Faza anahitaji nafasi ndogo kuliko mtoto wa Los Angeles.

Tena Los Angeles yenyewe ina somo la visima vikongwe. Oktoba 2015, Aliso Canyon, juu ya mtaa wa Porter Ranch, kisima kilichochimbwa miaka ya 1950 na baadaye kutumiwa kuhifadhia gesi kilianza kuvuja. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu kwa nje. Kilivuja hadi Februari 2016, karibu tani 100,000 za methani, na maelfu ya familia zikahama nyumba zao huku watu wakilalamika kuumwa kichwa na kutokwa damu puani. Nawaomba wazee wa Pate wanaokumbuka kile kisima cha zamani mtusaidie: kiko wapi hasa, na nani ana karatasi za namna kilivyozibwa? Sidai kwamba kina tatizo. Nataka tu kisima kinachokaribia umri wangu kiwe na mtu anayekwenda kukitazama. Na hivi vipya pia, kabla ya kusaini lolote, ijulikane kampuni ikifunga virago ni nani atakayelipia kuziba na kukagua, na fedha hizo ziwekwe kando mwanzoni.

Aliyesema tukiuliza maswali haya tunapinga maendeleo, ndugu yangu, kumbuka yaliyotokea kwetu wenyewe. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu waliuliza maswali na sheria ikawasikiliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupata habari, cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kusubiri uumie kwanza. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwa lile jopo. Siku 60 hupita upesi, hasa ikiwa tangazo limebandikwa ofisini Amu na ninyi mko Faza. Mteueni kijana mmoja kazi yake iwe kufuatilia matangazo hayo.

Kwa mumeo, dada, nina neno la heshima. Asiuze sasa. Anayeuza kwa uvumi huuza kwa bei ya uvumi, na mara nyingi mnunuzi anajua jambo ambalo muuzaji halijui. Subirini mwone ripoti ya athari kwa mazingira, mwone kisima kimewekwa wapi, mpime umbali kwa miguu yenu. Ikiwa kitakuwa ndani ya mita mia chache kutoka mlangoni, na mpango wa dharura hauna jina la mtu wa kuwaamsha, basi mimi mwenyewe ningehama na mtoto, na ningedai fidia ya kuhama badala ya kuuza kwa hasara. Ikiwa ni mbali, upepo unaelekea kwingine, gesi haina sumu na maji yamelindwa kwa maandishi, ningekaa.

Kifaa cha kupimia chumvi ninacho, nilikinunua Mombasa. Nakuja Siyu bamvua lijalo, na siku ya pili nitapanda hadi Faza. Waambie wanawake wa mtaa wachote maji ya kila kisima asubuhi hiyo kabla ya watu kuanza kufua, waandike kila chupa ni ya kisima kipi, tuanze na daftari.